Mama Mkwe na Mashine Iliyotetemeka

Vijana wa karakana mmeniomba niandike ninayoyakumbuka, nadhani ili nisije tena kila asubuhi kuwasimulia kwa mdomo huku kazi zimelala. Haya, nimekaa. Nimestaafu kwa sababu magoti yangu yamegoma, na fundi wa mashine za kufulia asiyeweza kupiga magoti ni sawa na padri asiyeweza. Vyeo sitavitaja, maana nilikuwa na kimoja tu, fundi, na wateja wengi walikitamka kwa mashaka wakishaona nimevaa sketi.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi, binti wa koplo aliyetoka kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha amri: simama, geuka, leta maji. Hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, mtaa wa Nateete hapa Kampala, kwa Mzee Abdalla, fundi aliyenifundisha kazi. Mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki, naye hakuamini kwamba mtu anayesema "kitu hii iko mbaya" anaweza kutengeneza kitu chochote. Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kiti, akaniweka mbele ya mashine iliyokuwa inazunguka, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi akaniuliza, "Imesema nini?" Nikamjibu kwamba imesema ngurungu ngurungu. "Ngurungu ngapi kabla ya kupumzika?" Sikuwa nimehesabu. Akanirudisha kwenye kiti mpaka alasiri.

Mkoba wangu haukuwa na mengi: spana namba kumi na namba kumi na tatu, bisibisi mbili, koleo, testa ya umeme, pimamaji ndogo, tochi, na tambara la kulalia, maana nusu ya kazi hii hufanywa kwa tumbo. Juu ya hayo Mzee aliniongezea kanuni mbili. Ya kwanza, usifungue mashine kabla haijarudia kosa lake mbele yako. Ya pili, usisingizie umeme kabla hujaupima. Hii ya pili ilikuwa inamuuma rohoni. Alisema mafundi wa Kampala wameufanya umeme kuwa shetani wao, kila kikiharibika kitu ni yeye. Niliivunja kanuni hiyo mara moja tu, na nitawaambia ilikuwaje.

Miaka ya mwanzo ilinifundisha kwamba mashine nyingi haziharibiki, huharibiwa kwa nia njema. Bwaise, baada ya mafuriko, nilifungua mlango wa mashine nikakuta chura ndani, mzima, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Mwenye nyumba alikuwa ameifungia makusudi ili maji yasiingie, akamfungia na mpangaji. Kwingine bwana mmoja alinunua mashine iliyotumika, akaifungua, akakuta tofali zito la zege juu ya pipa. Akaamua kwamba muuzaji amemwekea jiwe ili mashine ionekane nzito na ya maana. Akalitoa, akalifanya la kuzuia mlango. Zege lile ndilo linaloituliza mashine. Nilipomwambia alirudishe, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama fundi aliyehongwa na muuzaji.

Lakini kesi ngumu kuliko zote ilikuwa Kisugu, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Nyumba ilikuwa ya sajini mmoja wa jeshi aitwaye Okello, mtu wa kaskazini kama baba yangu, mkubwa wa karakana ya malori. Mkewe, Nakato, ni Mganda wa Masaka. Walikutana langoni mwa kambi ambapo mama yake alikuwa akiwauzia askari chakula, ndiyo maana nyumba nzima ilizungumza Kiswahili cha kambi, ambacho "nataka" ni mimi, wewe na yeye, hata huyo mama. Yeye tulimwita Nalongo, jina la heshima la mwanamke aliyezaa mapacha. Alikuwa amekuja Kampala kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, amefika mahali pa kutia chumvi kwenye chai na kuliamkia koti lililotundikwa ukutani.

Jumatano moja asubuhi Nakato alinipigia simu. "Fundi, kuja saa hii! Mashine mpya nataka kuua mtu, na mama yangu nafunga mzigo." Sikuelewa mambo hayo mawili yanahusiana vipi mpaka nilipofika.

Wageni wa Kampala niwaeleze. Waganda wana mpaka kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawagusani, hawakai chumba kimoja, na nguo zao hazichanganywi. Anayevuka mpaka huo hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono na mwili. Msicheke. Watu wa kwetu nao wana yao, na mimi baba mkwe wangu sikuwahi kumpa mkono mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo Nalongo alilala katika chumba cha uani, akawa na sahani yake na kamba yake ya kuanikia. Sajini naye aliushika ukwe huo kwa nidhamu ya kijeshi. Mama akitoka uani, yeye anaingia ndani. Mama akikohoa, yeye anageuka nyuma.

Sasa, Jumanne, siku moja kabla ya kuniita, maji yakiwa ya mgawo, mashine ilikuwa inaonja kazi kwa mara ya kwanza. Nakato hakutaka kupoteza maji ya mizunguko miwili. Akatia gomesi ya mama yake, lile vazi refu la Kiganda lenye mshipi kiunoni, pamoja na suruali za kijani za mumewe. Aliniambia baadaye kwamba alijisemea moyoni, mashine haina ukoo.

Ilifua kwa amani. Ilipofika kwenye kukamua ikaanza kutetemeka, kisha kuruka, kisha ikatoka mahali pake na kutembea. Ilivuka chumba cha jiko, ikaburuta bomba lake la maji, ikakwama mlangoni, uso wake ukielekea uani ambako Nalongo alikuwa ameketi mkekani akimenya karanga. Hakuiona. Aliisikia inakuja, na sakafu ikatetemeka chini yake mpaka karanga zikaruka kwenye ungo. Nakato alipozima na kufungua, mshipi wa gomesi ulikuwa umejizungusha mara nne kwenye mguu wa suruali ya mkwe, naye akaanza kuuvuta kwa nguvu, akihema.

"Unavuta nini huko?" mama akauliza.

Nakato hajui kumdanganya mama yake. Akamwambia.

Operesheni ya macho ilikuwa Alhamisi, yaani kesho ya siku niliyoitwa, na zamu hiyo walikuwa wameingojea miezi na miezi. Nalongo hakutaka hata kuisikia. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na nilipofika niliiona kwa macho yangu, inatetemeka kweli. Mzigo ulikuwa mlangoni umefungwa kamba, na mwavuli juu yake.

"Mimi naludi Masaka na basi ya saa nane," akaniambia nilipopiga magoti kumwamkia. "Dakitari akitia kisu kwa jicho yangu na mimi natetemeka hivi, atatoa jicho na pua."

Nakato alinivuta pembeni, macho mekundu. "Fundi, akienda safari hii hapana rudi tena. Atakufa hapana ona uso ya wajukuu. Tengeneza hii kitu, tafadhali, halafu mwambie iko mashine tu." Saa yangu ilikuwa inasema saa sita kasoro robo.

Nikakumbuka kanuni ya kwanza, nikajidai mwerevu. "Nalongo," nikasema, "nitaiwasha tupu, bila nguo hata moja. Ikitetemeka, basi nguo hazina kosa."

"Washa."

Nikaiweka kwenye kukamua. Ikatetemeka, ikaruka, ikaanza tena safari yake ya kwenda uani. Nikaizima, nikamgeukia kwa ushindi. "Umeona?"

"Mimi sioni," Nalongo akanijibu. "Lakini nimesikia. Jana ilikuwa nataka nguo ndiyo itetemeke. Leo natetemeka yenyewe tu. Obuko imeshaingia kwa chuma."

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kunibomolea hoja kwa haraka namna ile. Nakato akaanza kulia waziwazi. Mimi nikaona heri nijifiche nyuma ya mashine.

Na huko nyuma ndiko jibu lilikokuwa. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa ajili ya atakayekuja baadaye: mashine ya aina hii hutoka kiwandani na bolti nne ndefu zinazobana pipa ili lisigonge-gonge njiani. Ikifika nyumbani unazitoa kabla ya kuiwasha. Ukiziacha, pipa halichezi kwenye springi zake, na mtikisiko wote unahamia kwenye mwili wa mashine, na kutoka hapo kwenye sakafu na karanga za watu. Nimewahi kuona bolti hizo zimesahauliwa. Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kuona zimekazwa zaidi. Hizi zilikuwa zimeongezewa washa, zile pete za chuma, zikapakwa rangi, kisha zikafungwa pamoja kwa waya, zote nne, kama bolti za lori linalokwenda vitani.

"Nani aliifunga hii mashine?" nikauliza.

Nakato akatazama dirishani. Nje, amejibanza ukutani upande ambao mama mkwe hapiti, alisimama Sajini Okello na gazeti alilolishika kichwa chini.

"Mama fundi," akaninong'oneza. "Hiyo bolti ni mimi. Niliona kiwanda nakaza kidogo kidogo, nikaongeza nguvu."

"Na karatasi ya maelezo?"

"Maelezo ni ya watu hapana jua kazi." Akameza mate. "Sema ni umeme. Nakuomba. Mimi mkubwa ya karakana nzima. Mama akijua, nitaficha uso wapi?"

Hapo ndipo nilipoivunja kanuni ya Mzee Abdalla. Nilimwonea huruma yule mwanamume, na pia, niseme kweli, uongo ulikuwa karibu na ukweli ulikuwa mbali. Nikarudi mkekani. "Nalongo, nimepata. Ni umeme. Jana ulikuwa unapanda na kushuka."

Nalongo akapapasa redio iliyokuwa kando ya mkeka. "Fundi, saa ile redio yangu ilikuwa naimba kwa umeme hiyo hiyo. Mbona redio hapana tetemeka?"

Testa ilikuwa mfukoni mwangu, haijagusa waya hata mmoja.

"Wewe nadanganya mimi kwa sababu sioni," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na maumivu. "Nakato, ita boda anipeleke kwa basi."

Saa saba kasoro robo. Nilijichukia. Mama yule alikuwa anakwenda kupofuka kwa sababu mimi na mwanamume mzima tulikuwa tunalinda heshima ya bolti nne. Nakato alikuwa amesimama na simu mkononi, haipigi wala haiweki chini. Nikarudi dirishani.

"Sajini, uongo wangu nimeutoa na haukusaidia. Imebaki zamu ya ukweli wako."

"Mimi hapana weza ongea na mama mkwe. Hiyo ni mbaya zaidi ya suruali!"

"Usiongee naye. Ongea na ukuta. Ukuta si mkwe wako."

Alifikiri. Akakunja gazeti, akavuta pumzi, akaupa ukuta uso, visigino pamoja, akatoa ripoti kwa sauti ya gwaride iliyowatoa majirani wawili nje.

"Maama! Hapa Sajini Okello! Bolti ilikuwa nne! Ilikuwa ya kutoa! Mimi hapana toa! Mimi nilikaza! Na waya nikaweka! Karatasi ya maelezo nilitupa! Makosa ni yangu, Maama, mashine hapana kosa!"

Nalongo alikuwa amesimama na mwavuli mkononi. Polepole akaketi tena mkekani.

"Nakato," akasema, kwa kuwa hata hapo hangeweza kumsemesha mkwe moja kwa moja, "uliza huyo ukuta, waya alizungusha mara ngapi?"

"Tatu, Maama!" ukuta ukajibu kabla Nakato hajafungua mdomo.

Mabega ya Nalongo yakaanza kutikisika. Nikadhani ndiyo obuko yenyewe imefika, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Banange! Marehemu baba yako alikaza baiskeli mpaka gurudumu ikakataa kuzunguka, akasema barabara ndiyo mbaya. Tukasukuma mpaka kanisani! Hii si obuko, mwanangu. Hii ni ugonjwa ya wanaume. Nimekaa nayo miaka mingi, na haikuniua."

Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, na hakuna aliyecheka tena. "Tazama. Natetemeka?"

Nakato akaitazama kwa muda mrefu. Mimi pia niliitazama. Ilikuwa imetulia.

"Hapana, Maama."

"Basi rudisha mzigo ndani. Na huyo ukuta apewe chakula, sauti yake nasema ana njaa."

Nilikata waya kwa koleo na kuzing'oa bolti moja baada ya nyingine. Nguvu za Sajini zilinitoa jasho, ya tatu nilimsukumia spana dirishani aje aimalize mwenyewe baada ya mama kuhamia chumbani kwake. Nikaziba matundu kwa vifuniko vyake, nikaweka pimamaji juu, nikazungusha miguu ya mbele mpaka kiputo chake kikakaa katikati. Nikaiwasha kwenye kukamua, na juu yake nikaweka glasi ya maji. Glasi haikumwaga hata tone. Nalongo akaomba aongozwe mpaka hapo, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Imelala?"

"Inakamua, Nalongo."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akatoa sheria yake. "Lakini nguo yangu na yake, hapana tena. Bolti ni bolti, ukwe ni ukwe." Nikakubali. Hiyo si kazi ya spana, na sikuwa na kanuni ya Mzee ya kuipinga.

Alhamisi alipelekwa hospitali, jicho la kwanza likafanywa, na la pili baada ya wiki kadhaa. Nilipomsimulia Mzee Abdalla hakunisifu kwa bolti. Aliuliza tu testa ilikuwa wapi. Nikamwambia mfukoni. Akanipa soketi zote za umeme za karakana nizipime moja moja, na alipomaliza kunywa kahawa akanipa za jirani.

Miezi michache baadaye Nakato alinipigia tena. Mashine, alisema, inatoa mlio mpya, tiki tiki tiki, nipite nisikilize. Nilipopita yeye alikuwa ametoka kwenda sokoni na Sajini yuko kazini. Nalongo mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akarudi juu tena bila haraka.

"Kumbe wewe mfupi hivi," akasema. "Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Sijui kwa nini, lakini nililia pale mlangoni, na yeye akanipigapiga mgongoni mpaka nikamaliza. Kisha akanipeleka jikoni. Wiki hiyo maji yalikuwa yamerudi kwenye mgawo, na mashine ilikuwa inafua. Alikuwa ameiwekea kigoda mbele ya mlango wa kioo, akaketi, akaendelea kutazama nguo zikizunguka. Aliniambia kwamba kila ikifua hukaa hapo, maana huko ndani kuna rangi nyingi kuliko kwenye televisheni.

Nikapiga magoti kando yake kusikiliza. Tiki, tiki, tiki. Ulikuwa mlio wa kifungo cha chuma kikigonga kioo, na gomesi haina kifungo cha chuma. Nikasogeza uso. Gomesi ya zambarau ilipita, mshipi ukapita, kisha ukapita mguu wa suruali ya kijani, kisha gomesi tena.

"Nalongo," nikasema taratibu, "nani ametia nguo leo?"

"Mimi."

"Na hiyo ya kijani?"

Nalongo akachukua miwani yake myeusi ya hospitali iliyokuwa mapajani, akaivaa, akaiweka sawa puani kwa vidole vilivyotulia kabisa, kisha akaugeukia ukuta.

"Fundi," akasema, "hii jicho yangu, dakitari anasema bado hapana pona vizuri."